Mfupa Ukiuma, Picha Ipi?

Masika yaliyopita nilianguka na moto kwenye mteremko wa Gisozi. Msomaji wa mbali aelewe kwamba hapa Kigali moto ni pikipiki ya abiria. Barabara ilikuwa imelowa, dereva akakanyaga breki, sote wawili tukajikuta chini. Helmeti zilitukinga vichwa, lakini mimi nilitua kwa kiganja cha kulia, mkono ukiwa umenyooka. Kliniki ya kwanza niliyoiona nikaingia, nikapigwa picha, nikaambiwa, "Hakuna kilichovunjika, mzee. Ni misuli tu." Nikapewa vidonge vya maumivu, nikaenda zangu nyumbani.

Siku ya nne shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, alinikuta nahangaika na kifuniko cha chupa ya maji. Akasema, "Shemeji, hebu nyoosha kidole gumba kielekee juu." Nawe fanya hivyo sasa hivi, msomaji. Utaona kano zinajitokeza chini ya gumba, upande wa nyuma wa mkono, na katikati yake panabaki kishimo kidogo cha kutosha ncha ya kidole. Akabonyeza pale. Nilipiga kelele mpaka watoto wakatoka chumbani.

Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi, skafoidi kwa jina la kitaalamu, ambao huvunjika sana kwa mtu aliyeanguka akijikinga na kiganja. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Ndiyo maana utaratibu unaofuatwa ni huu: kishimo kikiuma, mkono hufungwa hata kama picha ni safi, kisha picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Wakati huo mwili unakuwa umeanza kunyonya kingo za mfupa palipopasuka, na ufa unapanuka kiasi cha kuonekana. Ukipuuzwa, kuna hatari ya kudumu, kwa sababu damu ya mfupa huu huingilia zaidi upande wa vidole. Kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu na kufa, na kifundo cha mkono kikabaki kuuma maisha yote. Picha yangu ya siku ya 12 ilionyesha mstari mwembamba kama unywele.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo. Ile picha ya kwanza haikusema uongo. Kosa ni kwamba hakuna aliyenibonyeza kabla ya kunipeleka kwenye mashine, kwa hiyo mashine haikupewa swali. Kwenye karatasi ya ombi la picha kuna nafasi ya daktari kueleza tatizo, na yangu iliandikwa maneno matatu tu, maumivu ya mkono. Kama ingeandikwa kwamba nimeangukia kiganja na kwamba panauma chini ya gumba, mpiga picha angeupinda mkono na kuongeza picha za pembe maalumu za mfupa ule, na msomaji wa picha angejua aangalie wapi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikubali kutoka chumba cha daktari na ombi la picha kabla hajakushika panapouma. Mweleze ulivyoanguka, maumivu yalianza lini, yanazidi saa ngapi. Kisha muulize kwa heshima, "Daktari, picha hii tunatafuta nini, na jibu lake litabadilisha nini kwenye tiba yangu?" Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo.

Sasa tuziangalie mashine zenyewe, tukianza na ile ya zamani. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana. Hadi leo mambo ni yaleyale: kalsiamu ya mfupa huzuia mionzi na kutoka nyeupe, nyama huiruhusu kupita na kutoka kijivu, hewa hutoka nyeusi. Ukilishika hilo umeelewa nusu ya somo. Eksirei huona mfupa. Haioni gegedu inayofunika ncha za mifupa, haioni kano, haioni neva. Goti likivimba baada ya mechi ya mpira na ukaambiwa "eksirei ni safi", maana yake ni kwamba mfupa umeonekana mzima. Kano iliyokatika ndani haikuangaliwa, kwa kuwa haionekani kwa mashine hiyo.

Hata hivyo kwa mifupa ndiyo picha ya kuanzia karibu kila mara, na ni ya bei nafuu kuliko zile kubwa. Ila ipigwe vizuri. Mfupa mmoja hupigwa picha angalau mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa sababu mfupa uliovunjika na kuhama kwenda nyuma unaweza kuonekana umenyooka sawasawa ukiutazama kwa mbele tu. Mfupa mrefu ukivunjika, picha ichukue na kiungo cha juu na cha chini yake. Na goti la mtu mzima linalouma kwa kuchakaa lipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Bibi akilazwa kitandani, mifupa ya goti huachana na ile nafasi ya gegedu huonekana pana. Akisimama uzito ukashuka, ndipo utaona mifupa imekaribia kugusana. Kama miguu yake inaweza kumbeba, mwambieni mpiga picha, "Tunaomba asimame."

Tazama pia pembe ya picha. Kuna kiherufi cha kuonyesha upande. Waliosomea Kiingereza huweka R kwa kulia na L kwa kushoto. Waliosomea Kifaransa huweka D kwa kulia na G kwa kushoto. Rwanda iliamua kuhamisha elimu kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008, kwa hiyo usishangae ukikutana na herufi za aina zote mbili. Hakikisha herufi iliyoandikwa ni ya upande wako unaouma, na ukiona si yenyewe sema hapohapo, kabla hujatoka chumbani.

Ultrasaundi, ambayo wengi hapa huiita eko, watu wameizoea kwa wajawazito. Kwa viungo ina faida kubwa: huonyesha maji yaliyojaa ndani ya kiungo, kano za bega zilizochanika, uvimbe nyuma ya goti, hata chembe za jongo zilizotanda juu ya gegedu. Haina mionzi, na mtaalamu anaweza kukuambia uinue mkono huku anatazama kano inavyoteleza. Udhaifu wake ni kwamba haipenyi mfupa, na inategemea sana mkono wa anayeishika. CT skani nayo ni eksirei inayokuzunguka na kuukata mfupa kwa picha vipandevipande. Ni ya haraka, na ndiyo ya kukimbilia kwa ajali kubwa, nyonga iliyosambaratika, pingili za shingo, au ncha ya mfupa wa goti iliyobonyea ambapo daktari wa upasuaji lazima ajue kila kipande kiko wapi.

Kwa ajali kubwa hizo, neno moja la lazima. Aliyegongwa na kulalamika shingo au mgongo, au asiyehisi miguu, msimwinue na kumpakia kwenye moto kumwahisha hospitali. Pigeni 912, ambulansi ije na watu wanaojua kumbeba akiwa amenyooka.

MRI hutumia sumaku, haina mionzi ya eksirei, na inaona kile ambacho eksirei haioni: gegedu, kano, diski za mgongo, uboho wa mfupa na uti wa neva. Utalala ndani ya bomba dakika 20 hadi 45 bila kutikisika, kelele zikigonga kama fundi bati, na utapewa vya kuziba masikio. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ya historia yetu. Sumaku hiyo ina nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia, na inaweza kusogeza kipande cha chuma kilichomo mwilini. Wapo kati yetu wanaotembea na vipande vya risasi au vya gurunedi tangu mwaka 1994. Wengine hawapendi kulizungumza, na wana haki. Huna haja ya kumsimulia mtu yaliyokupata, inatosha kumwambia mhudumu kwa sauti ya chini, "Nina chuma mwilini, hapa." Atakupiga eksirei kwanza aone kimekaa wapi, karibu na mshipa mkubwa au uti wa mgongo au mbali navyo, na daktari ataamua kama MRI inafaa au CT itatosha. Ndugu zangu mafundi wa kuchomelea wa Agakiriro ka Gisozi nao waseme, kwa sababu cheche ya chuma iliyoingia jichoni miaka mingi iliyopita inaweza kulidhuru jicho ndani ya sumaku. Bamba na skrubu zilizowekwa kwa upasuaji wa mfupa mara nyingi hazizuii kipimo, lakini zitajwe, pamoja na kifaa chochote cha moyo.

Tukija kwenye mgongo, hapa ndipo fedha nyingi hupotea na hofu nyingi huzaliwa. Nina jirani, dereva wa teksi, aliyeumwa kiuno wiki mbili akaenda kulipia MRI kwa akiba ya ada ya watoto. Majibu yaliandikwa kwamba diski zimechakaa na mbili zimetokeza. Tangu siku hiyo akaacha kuinua hata ndoo, akijiona mlemavu. Sasa sikiliza. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Dalili za diski kuchakaa zilikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski zilizotokeza zilikutwa kwa asilimia 30 ya wale wa miaka 20. Hao ni watu wazima wa afya, wanalima, wanabeba, wanacheza. Picha ya diski iliyotokeza haithibitishi kwamba hiyo ndiyo inayokuuma. Maumivu mengi ya kiuno hutulia ndani ya wiki 6 kwa kutembea, dawa ya maumivu na mazoezi, bila picha yoyote. Jirani yangu alipopata mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemweleza hivyo, alirudi kwenye usukani.

Lakini zipo dalili za kutosubiri hata siku moja: mkojo kuziba au kutoka bila habari, ganzi sehemu za siri na makalio, mguu unaozidi kulegea, homa, kukonda bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku, kuwahi kuugua saratani, kutumia dawa za steroidi muda mrefu, au kuanguka vibaya. Katika nchi zetu naongeza mawili ambayo daktari aliyesomea mbali anaweza kuyasahau. La kwanza ni kifua kikuu cha mgongo. Mdudu huyu hula pingili mbili zilizopakana na diski iliyo kati yake, polepole, kwa miezi. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Eksirei ya mwanzo huwa safi, na ikija kuonyesha kitu, mfupa umeshaliwa na mgongo umeanza kupinda. MRI huona mapema, pamoja na usaha unaoteremka kando ya misuli. La pili ni bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaotufikia kupitia maziwa yasiyochemshwa. Huleta homa ya jioni, jasho, na maumivu ya kiuno na viungo vya nyonga. Kama umekunywa maziwa mabichi kijijini, mwambie daktari. Habari hiyo inaweza kumwelekeza kuliko picha.

Kwa watoto, tafadhali, tuwe na haraka zaidi. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga au asiyetaka mguu wake uguswe anaweza kuwa na usaha ndani ya mfupa au ndani ya kiungo. Eksirei ya mfupa wenye usaha inaweza kuwa safi kabisa siku 10 hadi 14 za mwanzo. Nimeona mama akirudishwa nyumbani na picha safi mkononi na mtoto mwenye homa akiwa mgongoni. Mama, usirudi. Omba damu ipimwe, omba ultrasaundi ya nyonga. Ikionyesha maji, yanavutwa kwa sindano na kupimwa, na kama ni usaha lazima uoshwe kwa upasuaji. Kiungo chenye usaha huharibika kwa siku chache, siyo miezi. Kingine: mtoto anayelalamikia goti achunguzwe na nyonga, kwa sababu maumivu ya nyonga hupenda kusikika gotini, na ukipiga picha ya goti pekee utaambiwa yuko sawa. Pia mifupa ya watoto ina mistari myeusi karibu na ncha, pale inapokulia, ambayo mzazi na hata daktari asiyezoea huidhani ni nyufa. Ndiyo maana wakati mwingine upande mzima nao hupigwa ili kulinganisha. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda kifundoni hahitaji picha. Hutambuliwa kwa macho, na plasta za kila wiki zianze mapema. Kwa mifupa ya watoto tuna bahati ya kuwa na hospitali ya Sainte Marie huko Rilima, Bugesera, si mbali na mjini.

Kijana wa miaka kumi na kitu akiwa na uvimbe mgumu karibu na goti, unaouma usiku, apigwe eksirei wiki hiyohiyo. Usimpeleke kukandwa kwanza. Saratani ya mfupa hupenda umri huo na mahali hapo, na picha ya kawaida ya bei ndogo hutosha kuamsha wasiwasi.

Najua wengi wetu hupitia kwanza kwa waungaji wa mifupa. Kinyarwanda nacho kina kitenzi kunga, na wazee wanaopatanisha majirani huitwa abunzi, kwa hiyo naelewa heshima iliyomo katika kazi hiyo. Ninachoomba ni picha itangulie mikono. Mfupa uliopasuka ndani ya kiungo, au wenye jeraha lililo wazi, hauungi kwa kuvutwa. Na vijiti vya kufungia mfupa vikikazwa kupita kiasi huzuia damu: vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au maumivu yakizidi, fungua hapohapo uende hospitali.

Kuhusu njia ya kufuata: mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, huanza kituo cha afya, hupata transferi, yaani barua ya rufaa, kwenda hospitali ya wilaya, ambako eksirei na ultrasaundi zipo, na kutoka hapo, ikibidi, kwenda hospitali ya rufaa kama CHUK. Hospitalini hulipa asilimia 10 ya gharama. Ukiruka ngazi bila dharura unalipa mwenyewe, na kliniki nyingi za binafsi hazipokei mituweli. Ngazi hizo huchosha, nakubali, ila nazo ni nafasi ya kushikwa na kuulizwa na zaidi ya mtu mmoja kabla ya kipimo kikubwa.

Wengine huogopa mionzi kuliko ugonjwa. Kwa wastani wa dunia, kila mtu hupokea milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Eksirei ya mkono ni kama 0.001, sawa na saa chache za kuishi tu. Ya kiuno ni kama 1.5, na CT ya kiuno kama 6. Hizi ndizo za kufikiria kabla ya kurudia, hasa kwa vijana na watoto. Mjamzito aseme mapema. Mzazi anayemshikilia mtoto wakati wa picha avalishwe aproni ya risasi, na asipopewa aidai.

Mwisho, zitunze picha zako kama hati ya kiwanja. Omba zile za asili kwenye CD au kwa faili, siyo picha ya simu iliyopigwa filamu ikiwa dirishani, ambayo hufifisha nyufa na kukata zile herufi za pembeni. Filamu usiikunje wala kuiacha kwenye gari juani, maana nyingi za siku hizi huingia weusi kwa joto. Juu ya bahasha andika tarehe, upande, na jinsi ulivyoumia. Ripoti ikae humohumo. Kila uendako, nenda na zote, hata za miaka mitano nyuma, kwa sababu daktari hujifunza mengi kwa kulinganisha.

Bahasha yangu ilikuwa na tatu nilipokwenda mara ya mwisho: ya siku ya kwanza, ya siku ya 12 na ya wiki ya 10. Daktari alizipanga kwenye kioo chenye taa, akaufuata ule mstari kwa ncha ya kalamu mpaka pale ulipokuwa umeziba. Kisha akageuka, akaniambia ninyooshe gumba, akabonyeza kwenye kishimo. Safari hii sikusikia kitu.